Kisiwa Kimoja, Majina Mawili: Kuuelewa Mgawanyiko wa Ireland Kupitia Waandishi Wake

Kila msimu wa mechi za kimataifa swali hili hurudi kwenye mabanda ya mpira: kwa nini Ireland ina timu mbili? Akitajwa George Best, nyota wa Manchester United wa miaka ya 1960, mmoja atasema alikuwa wa Ireland, mwenzake atamrekebisha kwamba alikuwa wa Ireland Kaskazini na kwamba huko ni Uingereza. Akitajwa Roy Keane, aliyekuja kuwa nahodha wa klabu hiyohiyo, huyo naye ni wa Ireland nyingine. Declan Rice aliichezea Jamhuri ya Ireland mechi tatu za kirafiki mwaka 2018, kisha akahamia timu ya England. James McClean alizaliwa Derry, mji wa Ireland Kaskazini, akachezea vijana wa huko, halafu akachagua Jamhuri. Na akiwapo mpenzi wa raga mambo yanazidi kuvurugika, maana kwenye raga kisiwa kizima kina timu moja: kijana wa Belfast na kijana wa Dublin wanavaa jezi ileile ya kijani.

Anayechanganyikiwa hapo si mjinga. Jambo lenyewe lina mafundo mengi, na mengine tumeyafunga sisi kwa lugha yetu. Mimi nimeliingia kwa mlango ambao wengi hawaupiti, mlango wa mashairi, tamthilia na riwaya za kisiwa hicho, na naamini hakuna mlango mfupi kuliko huo. Ugomvi wa Ireland umekuwa pia ugomvi wa majina: nani ana haki ya kuuita mji, mtu au nchi kwa jina gani. Na kazi ya mwandishi ni majina.

Neno Uingereza na mizigo yake mitatu

Tunaposema "Uingereza" huwa tunamaanisha vitu vitatu tofauti. Mara nyingine ni England, nchi ambayo mji wake mkuu ni London. Mara nyingine ni Britania, kisiwa kikubwa chenye England, Scotland na Wales. Na mara nyingine ni dola nzima, Ufalme wa Muungano, ambayo ni nchi hizo tatu na Ireland Kaskazini juu yake. Neno moja likibeba yote matatu, mazungumzo kuhusu Ireland hayawezi kwenda mbali kabla hayajakwama.

Ireland ni kisiwa cha pembeni, magharibi ya Britania, ng'ambo ya bahari. Kina kaunti 32 za asili. Kaunti 26 ni Jamhuri ya Ireland: nchi huru, mji mkuu Dublin, fedha yake yuro, mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Kaunti 6 ni Ireland Kaskazini: makao yake makuu Belfast, fedha yake pauni, mkuu wake wa dola ni mfalme aliyeko London. Kwa hiyo anayesema "Ireland iko Uingereza" amepatia kwa kaunti 6 na kukosea kwa kaunti 26, na kwa wenyewe kosa hilo si dogo. Masista wa Loreto waliofika Mombasa mwaka 1921 na kuanzisha shule za wasichana Kenya walitoka Ireland. Wengi waliofundishwa nao waliwaita Waingereza, katika mwaka uleule ambao ndugu za masista hao walikuwa vitani ili wasiitwe hivyo.

Tahadhari nyingine: "Kaskazini" ni neno la siasa kabla ya kuwa la dira. Ncha ya kaskazini kabisa ya kisiwa, Malin Head, iko kaunti ya Donegal, na Donegal ni ya Jamhuri. Mtu wa hapo akitaka kwenda "Kaskazini" huelekea kusini au mashariki. Vilevile utasikia watu wakiiita Ireland Kaskazini "Ulster". Ulster ni mmoja wa mikoa minne ya kale ya kisiwa, na una kaunti 9. Ni 6 tu zilizobaki chini ya London. Sababu ya kuchagua 6 nitaieleza.

Yamebaki majina ya pande mbili. Wazalendo ni wale wanaotaka kisiwa chote kiwe nchi moja. Wanamuungano ni wale wanaotaka kaunti 6 zibaki ndani ya Ufalme wa Muungano. Msomaji wa Tanzania aliyezoea kusikia "Muungano" ukiwa wa Tanganyika na Zanzibar aliweke kando hilo. Muungano unaosemwa hapa ni wa kisiwa kimoja na dola iliyo ng'ambo ya maji. Kwa mazoea wazalendo wengi ni Wakatoliki na wanamuungano wengi ni Waprotestanti, na hapo ndipo linapozaliwa kosa kubwa kuliko yote.

Je, ni vita vya dini?

Hapana. Dini huko ilikuwa kama rangi ya jezi. Jezi inakuonyesha nani yuko upande gani, ila haikwambii mechi inagombania nini. Hakuna aliyeuawa Belfast kwa sababu ya kubishana juu ya heshima ya Bikira Maria. Kilichogombaniwa ni ardhi, kura, nyumba, kazi, na bendera ya kupandishwa juu ya ofisi.

Mzizi wake ni mashamba. Kuanzia mwaka 1609 utawala wa London uliwanyang'anya Waairishi wa Ulster ardhi kubwa na kuigawa kwa walowezi kutoka Scotland na England. Walowezi walikuwa Waprotestanti, walionyang'anywa walikuwa Wakatoliki. Msomaji anayejua habari za mashamba ya wazungu kwenye nyanda za juu za Kenya hahitaji maelezo marefu: dini au rangi hugeuka kuwa alama ya nani alikuta na nani alikutwa. Tofauti ni kwamba walowezi wa Ulster wamekaa pale miaka mia nne. Hawana kwao kwingine. Ukimwambia mjukuu wao "rudi ulikotoka", umemtuma mahali asipopajua, na hili wazalendo wengi walichelewa kulikubali.

Mwaka 1690, kando ya mto Boyne, mfalme Mprotestanti William wa Orange alimshinda mfalme Mkatoliki James wa Pili, na hadi leo kila tarehe 12 Julai wanamuungano huandamana kwa ngoma na mishipi ya rangi ya chungwa kuukumbuka ushindi huo. Baadaye zilifuata sheria zilizomzuia Mkatoliki kununua ardhi na kuingia bungeni.

Lakini angalia majina haya. Wolfe Tone, aliyeongoza fikra za uasi wa mwaka 1798 dhidi ya London, alikuwa Mprotestanti. Charles Stewart Parnell, aliyewaongoza Waairishi katika bunge la London kudai serikali yao wenyewe, alikuwa Mprotestanti na mwenye mashamba. Douglas Hyde, aliyeanzisha chama cha kufufua lugha ya Kiairishi mwaka 1893 na kuwa rais wa kwanza wa Ireland mwaka 1938, alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kianglikana. Kisiwa hiki kimetoa washindi wanne wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi: W. B. Yeats mwaka 1923, George Bernard Shaw mwaka 1925, Samuel Beckett mwaka 1969 na Seamus Heaney mwaka 1995. Watatu wa kwanza walizaliwa katika familia za Kiprotestanti. Anayetaka kuligawa rafu la vitabu la Ireland kwa dini atajikuta amempa kila upande nusu ya mali ya mwenzake.

Njaa, na lugha iliyoondoka nayo

Tangu tarehe 1 Januari 1801 Ireland nzima ilikuwa ndani ya Ufalme wa Muungano, bila bunge lake. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi, na viazi ndivyo vilivyokuwa ugali wa maskini wa huko, asubuhi na jioni. Katika miaka saba hivi watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na milioni nyingine wakapanda meli kuhama, huku nafaka na mifugo ikiendelea kupakiwa bandarini kwenda Britania. Mwaka 1841 kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Leo, ukijumlisha pande zote mbili, wako kama milioni 7. Sijui nchi nyingi duniani ambazo bado hazijafikia idadi ya watu iliyokuwa nayo karibu miaka mia mbili iliyopita.

Njaa hiyo ilipiga zaidi magharibi, kwa maskini waliosema Kiairishi. Lugha ilikuwa imeshaanza kurudi nyuma kabla ya hapo. Baada ya hapo wazazi wengi waliona kumfundisha mtoto Kiairishi ni kumfunga mguu, maana tiketi ya meli ilikuwa inasomeka kwa Kiingereza.

Hapa ndipo fasihi inapoingia kwa nguvu zote. James Joyce, Mkatoliki wa Dublin aliyezaliwa mwaka 1882, ana tukio dogo katika riwaya yake ya kwanza ambalo sijawahi kulisahau. Kijana Stephen anazungumza na padre Mwingereza, mkuu wa masomo chuoni. Anatumia neno fulani la faneli ya kumiminia mafuta kwenye taa, na padre hajawahi kulisikia. Padre analishangaa kama neno la wenyeji. Kijana anawaza moyoni kwamba lugha wanayoizungumza ni ya yule mtu kabla ya kuwa yake yeye, na kwamba maneno ya kawaida kabisa, kama nyumbani au bwana, yanasikika tofauti kwenye midomo yao miwili. Baadaye anafungua kamusi na kukuta neno lile ni la Kiingereza safi, tena cha zamani. Mwenye lugha ndiye hakuijua.

Ngũgĩ wa Thiong'o alilijibu swali hilo kwa kuacha kuandika riwaya kwa Kiingereza na kurudi Kikikuyu. Waairishi wengi walichukua njia nyingine. Wapo walioandika na wanaoandika kwa Kiairishi hadi leo, ila wengi walikishika Kiingereza na kukikunja hadi kikazungumza kwa lafudhi yao. Beckett yeye alihamia Kifaransa. Mimi siwezi kusema nani alikuwa sahihi. Naona tu kwamba wote walikuwa wanauguza kidonda kimoja.

Tamthilia inayokieleza kidonda hicho vizuri kuliko zote kwangu ni ya Brian Friel, iitwayo Translations, yaani tafsiri. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1980 katika ukumbi wa mji wa Derry, wakati bunduki zikiendelea kulia. Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1833, katika kijiji cha Donegal kiitwacho Baile Beag. Wanajeshi wa Kiingereza wamekuja kuchora ramani, na kila jina la Kiairishi linaandikwa upya kwa tahajia ya Kiingereza. Baile Beag linakuwa Ballybeg. Hakuna anayepigwa risasi kwa ajili ya kuandika jina, wanajeshi wengine hata ni watu wema, lakini mwanakijiji anaamka asubuhi akiwa mgeni kwenye barabara aliyozaliwa kando yake. Na kuna ufundi mmoja wa ajabu: waigizaji wote wanazungumza Kiingereza. Mtazamaji anaambiwa tu kwamba hawa wanasema Kiairishi na wale wanasema Kiingereza, na hawaelewani. Kijana Mwingereza na msichana wa kijijini wanaambiana mapenzi kwa maneno yaleyale, na hakuna anayemwelewa mwenzake. Wewe uliyekaa kitini ndiye pekee unayewasikia wote wawili.

Washairi wenye bunduki

Mwaka 1902, miaka kumi na minne kabla ya uasi mkubwa, Yeats na rafiki yake Lady Gregory walipeleka jukwaani tamthilia fupi. Mwanamke kizee anabisha hodi katika nyumba inayoandaa harusi. Anasema amefukuzwa kwake na wageni wamempora mashamba manne ya kijani. Kila mtazamaji wa Dublin alielewa: mashamba manne ni mikoa minne ya Ireland. Bwana harusi anamwacha mchumba na kumfuata kizee. Mwishoni mtu anaulizwa kama amemwona kizee njiani, naye anajibu kwamba amemwona msichana mwenye mwendo wa malkia.

Tarehe 24 Aprili 1916, Jumatatu ya Pasaka, watu zaidi ya elfu moja waliteka majengo kadhaa ya Dublin, ikiwamo posta kuu, na kutangaza jamhuri. Waliotia saini tangazo walikuwa saba. Watatu kati yao, Patrick Pearse, Thomas MacDonagh na Joseph Plunkett, walikuwa washairi. Uasi ulizimwa ndani ya wiki moja, na wakazi wengi wa Dublin walikuwa wamewakasirikia walioleta mizinga mjini mwao. Kilichogeuza mioyo ni adhabu. Waasi kumi na watano walipigwa risasi mmoja baada ya mwingine kwa siku kadhaa. Plunkett alifunga ndoa gerezani usiku, saa chache kabla ya kupelekwa ukutani.

Wa kumi na sita alinyongwa London mwezi Agosti, na huyu anatuhusu. Roger Casement alikuwa konsuli wa Uingereza nchini Kongo, na ripoti yake ya mwaka 1904 ndiyo iliyoufichulia ulimwengu mateso ya watu waliolazimishwa kuvuna mpira kwa ajili ya Mfalme Leopold. Aliandika baadaye kwamba katika misitu ya Kongo alimkuta Leopold na pia akajikuta mwenyewe, Mwairishi asiyebadilika. Aliona kilichofanywa kwa Wakongo akakitambua.

Yeats aliandika shairi juu ya uasi huo, akawataja waliouawa kwa majina, na kusema kwamba kila kitu kimebadilika na uzuri wa kutisha umezaliwa. Watu huunukuu mstari huo kama sifa. Usome wote: ndani yake anauliza kama vifo vile vilikuwa vya lazima, na anaonya kwamba kujitoa kwa muda mrefu mno huweza kuugeuza moyo jiwe. Uzeeni aliuliza, katika shairi jingine, kama tamthilia yake iliwatuma watu fulani kwenda kupigwa risasi. Naliheshimu swali hilo kuliko tuzo yake.

Msomaji wa Kiswahili huenda amekutana na Yeats bila kujua. Chinua Achebe alilichukua jina la riwaya yake ya kwanza kutoka kwenye shairi lake la baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na riwaya hiyo ndiyo tuliyoipata kwa Kiswahili kama Hamkani si Shwari Tena.

Mpaka ulivyochorwa

Wakati wazalendo wakijiandaa, wanamuungano hawakulala. Mwaka 1912 karibu watu nusu milioni wa Ulster walitia saini ahadi ya kupinga kutawaliwa kutoka Dublin, na mwaka uliofuata wakaunda jeshi lao la kujitolea. Hofu yao ilikuwa ya kweli: katika kisiwa kizima wao ni wachache, na waliamini wangekuwa chini ya Kanisa Katoliki.

Vita vya uhuru vilianza mwaka 1919. London ilitunga sheria ya kukigawa kisiwa, na mpaka ukaanza kazi mwezi Mei 1921. Sasa ile sababu ya kaunti 6: ukichukua Ulster yote, kaunti 9, Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa wanakaribiana kwa idadi. Ukichukua 6, Waprotestanti wanakuwa theluthi mbili. Mpaka ulichorwa kwa kuhesabu vichwa, ili upande mmoja usishindwe kura kamwe, na theluthi iliyobaki ikafungiwa ndani ya nchi ambayo haikuitaka.

Mkataba na London ulitiwa saini Desemba 1921, na kusini ikapata dola yake mwaka uliofuata. Kisha wazalendo wakapigana wao kwa wao hadi Mei 1923. Wengi hudhani vita hivyo vilihusu mpaka. Kilichowagawa hasa ni kiapo cha uaminifu kwa mfalme, ambacho mkataba uliwataka wabunge wakile. Michael Collins, aliyeutia saini, aliuawa Agosti 1922 na watu aliopigana nao bega kwa bega mwaka mmoja kabla. Vyama vikubwa viwili vya Dublin, Fianna Fáil na Fine Gael, vilizaliwa kwenye mifarakano hiyo, na ilichukua hadi mwaka 2020 kwa vyama hivyo kukaa pamoja katika serikali moja. Kusini ilitangazwa jamhuri kamili mwaka 1949.

Na je, uhuru uliwapa waandishi raha? Si sana. Mwaka 1925 Yeats, wakati huo akiwa seneta, alisimama kuipinga nia ya kuizuia talaka, akawaambia wenzake kwamba Waprotestanti si watu wadogo. Mwaka 1929 ikaja sheria ya kukagua vitabu, na waandishi wengi wa nchi wakapigwa marufuku kwao. Joyce alikuwa keshaondoka zamani. Ulysses, riwaya yake ya siku moja ya Dublin, tarehe 16 Juni 1904, ilichapishwa Paris mwaka 1922. Ndani yake mzalendo mmoja mlevi anamhoji Leopold Bloom, Mwairishi mwenye asili ya Kiyahudi, taifa lake ni lipi. Bloom anajibu: Ireland, hapa ndipo nilipozaliwa. Kitabu kilitoka mwaka uleule mpaka ulipokuwa bado mbichi, na jibu la mtu huyo pale baa bado halijapata mpinzani.

Chochote utakachosema, usiseme kitu

Huko Kaskazini, theluthi ile iliyofungiwa ilibaguliwa kwenye kazi, kwenye kugawiwa nyumba za serikali za mitaa, na kwenye kura. Derry ulikuwa mji wenye Wakatoliki wengi, lakini kata zilichorwa kwa namna ambayo wanamuungano walishika baraza. Mwaka 1968 watu walianza kuandamana kudai haki za raia. Maandamano yalipigwa, mitaa ikachomwa, na mwaka 1969 wanajeshi wakaletwa. Tarehe 30 Januari 1972 wanajeshi hao waliwapiga risasi waandamanaji wa Derry. Kumi na watatu walikufa siku hiyo na mmoja baadaye. Serikali ya London iliomba radhi mwaka 2010. Katika miaka thelathini ya machafuko watu wapatao 3,500 waliuawa, na IRA (jeshi la siri la wazalendo), wanamgambo wa wanamuungano na vyombo vya dola wote wana damu mikononi.

Seamus Heaney alizaliwa mwaka 1939 katika shamba la kaunti ya Derry, Mkatoliki. Ana shairi juu ya jinsi watu wa kwao walivyozoea kukaa kimya: unatajiwa jina la mtu na shule aliyosoma, tayari unajua ni wa upande gani, basi unachunga ulimi. Mkenya anaielewa hali hiyo bila mkalimani, maana jina la ukoo hujibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Ireland Kaskazini hata herufi H inakutambulisha, kwa kuwa kila upande unaitaja kwa namna yake.

Mwaka 1982 Heaney aliwekwa kwenye mkusanyo wa washairi wa Kibritania. Alijibu kwa shairi la heshima, akisema kwamba pasipoti yake ni ya kijani na nyumbani kwao hakuna glasi iliyowahi kuinuliwa kwa ajili ya Malkia. Hakuwa na chuki na Kiingereza, lugha aliyoitumia vizuri kuliko wengi wa wenyewe. Alikataa jina tu.

Anna Burns wa Belfast aliifikisha hali hii mwisho wake katika Milkman, riwaya iliyopata tuzo ya Booker mwaka 2018. Humo hakuna anayetajwa kwa jina. Mji hautajwi, msimuliaji ni "dada wa katikati", na kuna orodha ya majina ambayo mtoto hawezi kupewa kwa sababu ni ya "ng'ambo ya maji". Wasomaji wengine walilalamika kwamba riwaya inachosha kwa kukosa majina. Kwangu huo ndio ukweli wake: palipo na watu wanaouawa kwa sababu ya jina, jina ni kitu cha kuficha.

Na alikuwapo Michael Longley, Mprotestanti wa Belfast. Mwishoni mwa Agosti 1994 IRA ilitangaza kusitisha mapigano, na siku chache baadaye gazeti la Dublin lilichapisha shairi lake la mistari kumi na minne. Halitaji Ireland hata mara moja. Linamsimulia mzee Priam, mfalme wa Troy katika hadithi ya kale ya Wagiriki, anayepiga magoti na kuubusu mkono wa Achilles, aliyemuua mwanawe. Waliofiwa walilisoma wakijua ni mkono gani wanaombwa waubusu.

Mkataba wa Ijumaa Kuu na ya leo

Mkataba wa amani ulifikiwa tarehe 10 Aprili 1998, Ijumaa Kuu, na Mei mwaka huo ukapigiwa kura: Kaskazini waliukubali kwa asilimia 71, Jamhuri kwa asilimia 94. Una mambo matatu makubwa. Kwanza, Kaskazini inatawaliwa kwa pamoja. Waziri wa kwanza na naibu wake hutoka pande tofauti, wana mamlaka sawa, na hakuna anayeweza kubaki bila mwenzake. Pili, aliyezaliwa huko anaweza kujiita Mwairishi, Mbritania au vyote viwili, na kuchukua pasipoti anayoitaka. Hapo ndipo James McClean alipopatia njia. Tatu, kisiwa kitaungana siku watu wengi wa Kaskazini watakapoamua hivyo kwa kura, na wa Jamhuri nao wakikubali.

Halafu mwaka 2016 Ufalme wa Muungano ukapiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya. Kaskazini asilimia 56 walitaka kubaki, lakini kura ilihesabiwa kwa jumla. Fikiria Namanga bila kizuizi, bila foleni ya malori, watu wakivuka kwenda sokoni kama wanavuka uchochoro. Halafu upande mmoja unajitoa kwenye ushuru wa pamoja. Ukaguzi wa bidhaa lazima uwe mahali fulani. Hakuna aliyethubutu kuurudisha mpakani, kwenye barabara zaidi ya 200 zilizowahi kuwekwa wanajeshi na vizuizi, kwa hiyo uliwekwa bandarini, kati ya Britania na Kaskazini. Wanamuungano wakaona wametengwa na dola yao wenyewe, na hasira hiyo ndiyo uliyokuwa ukiisikia kwenye habari.

Mwezi Februari 2024 Michelle O'Neill wa chama cha Sinn Féin akawa mzalendo wa kwanza kuwa waziri wa kwanza wa Kaskazini. Sensa ya mwaka 2021 ilikuwa imeonyesha Wakatoliki, au waliolelewa hivyo, ni asilimia 45.7 na Waprotestanti 43.5. Wengi walikimbilia kusema kisiwa kinaungana kesho. Wamerudia kosa la jezi. Sensa hiyohiyo iliwauliza watu wanajihesabu kuwa nani: asilimia 31.9 walisema Wabritania tu, 29.1 Waairishi tu, na 19.8, mtu mmoja kati ya watano, walisema wao ni wa Ireland Kaskazini tu. Hawa wa mwisho ndio watakaoamua kura ikija.

Ukiendesha gari leo kutoka Donegal kwenda mashariki, hutaona askari wala kizuizi. Utajua umevuka kwa sababu mstari wa pembeni mwa barabara umebadilika kutoka njano kuwa mweupe, na vibao vya mwendo vinahesabu maili badala ya kilomita. Majina nayo yanabadilika. Upande wa Jamhuri vibao vingi vina jina la Kiairishi juu na la Kiingereza chini. Donegal yenyewe imeandikwa Dún na nGall, ngome ya wageni. Upande wa pili mji ulio mbele yako umeandikwa Londonderry, jina lililopachikwa "London" mwaka 1613. Wazalendo huuita Derry, na wanaotaka kumridhisha kila mtu huandika yote mawili na alama ya mkwaju (/) katikati. Mara nyingi utakuta mtu amekuja usiku na kopo la rangi akafuta herufi sita za mwanzo. Zinazobaki ni za neno la zamani kuliko pande zote mbili, Doire, msitu wa mialoni.